Shajara ya mradi: masika Khumbu

4 Oktoba

Leo tumefungua daftari. Tuko watatu: mimi, mwenzangu wa Rombo, na mdogo wetu wa Machame ambaye ana miaka minne tu kazini lakini ndiye anayejua kompyuta. Sote tunaongoza wageni Kilimanjaro, na sote tumechoka kuulizwa swali lile lile tukifika kambi ya Horombo: "Na wewe, umeshapanda milima gani mingine?" Jibu ni Meru. Basi.

Wazo la kwanza lilikuwa Bhutan. Mdogo wetu alileta picha za Taktsang, ile nyumba ya watawa iliyong'ang'ania jabali kwenye mita 3,120 kama kiota cha mbayuwayu, tukakubali kabla hata ya kuuliza bei. Bei yenyewe: dola 100 kwa kila mtu kwa kila usiku. Hiyo ni ada ya serikali tu, hujala wala hujalala. Juu yake viza, dola 40. Na hapo imeshushwa, maana walipofungua mipaka mwaka 2022 baada ya Uviko ilikuwa dola 200. Usiku 14 ni dola 1,400 kabla hujagusa tiketi. Halafu milima yao haipandwi. Tangu 2003 upandaji umepigwa marufuku kwa heshima ya miungu wanaokaa huko juu, na Gangkhar Puensum, mita 7,570, umebaki mlima mrefu kuliko yote ambayo binadamu hajafika kileleni. Yule wa Rombo akasema wazee wetu nao wangefanya hivyo hivyo kwa Kibo, kilele chetu cha Kilimanjaro. Tulinyamaza. Kibo ndiyo inayotulisha.

Kwa hiyo ni Nepal, eneo la Khumbu. Kwa miguu kutoka Lukla mpaka kambi ya chini ya Everest, mita 5,364. Mwezi: Aprili. Huku kwetu masika inamwagika, wageni hakuna, tunakaa nyumbani kusikiliza bati. Kule huo ndio msimu wenyewe, kabla mvua zao hazijaingia Juni. Miaka yote hii tumekuwa na likizo iliyopangwa sawasawa na ratiba ya Himalaya, na tumeimalizia kwenye bao.

Lengo: Sh milioni 7 kwa kichwa, milioni 21 kwa wote. Kila anayeshuka mlimani anaweka theluthi ya tipu yake. Kibubu kinakaa kwa mke wangu, kwa kuwa ni yeye pekee ambaye sote watatu tunamwogopa.

19 Oktoba

Kibubu: Sh 2,350,000.

Wanangu wametangaza mtaani kwamba baba anakwenda kupanda Everest. Nimewakalisha chini. Kufika juu ni habari za watu kama Wilfred Moshi, kiongozi mwenzetu wa mlima huu huu, Mtanzania wa kwanza kusimama pale, mwaka 2012. Au Rawan Dakik, aliyefika 2021 akiwa na miaka 20. Au Mkenya James Kagambi, 2022, akiwa na miaka 62. Kibali peke yake sasa ni dola 15,000. Sisi tunafika mlangoni, tunabisha hodi, tunarudi. Mtoto wangu mdogo akauliza, "Sasa si ni chini ya Uhuru?" Ndiyo, mwanangu, ni chini ya Uhuru kwa zaidi ya mita 500. Akaondoka amevunjika moyo.

16 Novemba

Kibubu: Sh 5,100,000.

Jioni nzima tumekaa na karatasi mbili mezani, na nimejifunza jambo ambalo nilipaswa kulijua miaka kumi iliyopita.

Karatasi ya kushoto ni njia ya Marangu: unalala Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, kibanda cha Kibo 4,720, kisha usiku huo huo unaamshwa kwenda 5,895. Kila usiku uko mita 1,000 juu ya ulikolala jana. Karatasi ya kulia ni Khumbu: unatua Lukla 2,860, unalala Phakding 2,610 (ndiyo, siku ya kwanza unashuka), Namche Bazaar 3,440 usiku mbili, Tengboche 3,860, Dingboche 4,410 usiku mbili tena, Lobuche 4,940, ndipo Gorak Shep, 5,164.

"Waoga hawa," akasema wa Rombo.

Si waoga. Kanuni ya madaktari wa milimani inasema ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya usiku mmoja na mwingine, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Kanuni hiyo tumefundishwa, tumeifanyia mtihani, tuna vyeti. Na tunaivunja kila wiki. Nikamuuliza kwa nini. Akasema wageni hawana muda. Nikamwambia chukua penseli.

Mgeni wetu analipa ada ya hifadhi dola 70 kwa kila siku, mbali na ya malazi. Kila siku ya kupumzika ina bei yake, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Kule unalipa ada ya Hifadhi ya Sagarmatha, ile ya Everest, rupia 3,000, mara moja unapoingia. Ukitaka kukaa Namche siku tano unywe chai, hakuna anayekutoza hifadhi ya siku ya tano. Halmashauri ya Khumbu nayo ina ada yake, nayo ni ya mara moja. Basi watu wanalala. Miaka yote nimekuwa nikiwapa wageni maji na tangawizi kwa kichwa kinachowauma, kumbe sehemu ya maumivu hayo iliandikwa kwenye risiti.

Lakini wa Rombo naye ana hoja yake, na nimeiandika ili nisiidharau. Sisi tunapiga kilele asubuhi na jioni tuko Horombo tunakula supu. Mwili unashtuka, unashuka, unasahau. Kule kuna usiku nne mfululizo juu ya mita 4,400. Nimesimama Uhuru mara zaidi ya mia na sijawahi kulala usiku nne mfululizo juu ya kimo hicho, hata mara moja. Kwa hiyo tukifika Lobuche, uzoefu wetu wote utakuwa umeisha na tutakuwa wageni kama wageni wengine. Tumeongeza siku mbili za akiba kwenye ratiba. Kuondoka 8 Aprili, kurudi 28 Aprili.

30 Novemba

Suala la kiongozi. Tangu Aprili 2023 Nepal inataka mtalii wa kigeni awe na kiongozi kwenye safari za miguu, ila Khumbu wenyewe hawakuitia nguvu sheria hiyo kwao. Wa Machame akaona hapo ndipo pa kubana matumizi: sisi wenyewe si viongozi? Nilimtazama tu. Kila Januari tunakutana na mgeni anayesema yeye amepanda Alps, hana haja na sisi, na sote tunajua tunavyomsema jikoni.

Tumepata Msherpa wa Khumbu, amekaa kazini miaka mingi, anaandika kwa ufupi kama mtu anayejua anachokisema. Amenifundisha la kwanza: Sherpa si jina la kazi, ni jina la kabila. Wageni wengi wanadhani Sherpa maana yake mpagazi, na wengi wa wapagazi wa siku hizi njia ile ni Warai na Watamang. Ni kama mtu aje Moshi aseme, "Nitafutie Mchaga wa kunibebea begi." La pili nimelipenda zaidi: kwao mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa. Wa Ijumaa ni Pasang. Nikamwambia na sisi Pwani tunao, tunawaita Juma.

Mkosi wa wiki: simu ya kwanza ya video tuliikosa. Tulikubaliana saa tatu asubuhi ya kwake. Wa Rombo akapewa kazi ya kupiga hesabu, akajumlisha pale pa kutoa, tukampigia saa sita kasorobo mchana, mwenzetu ameshakwenda shughuli zake. Ilitakiwa saa kumi na mbili na robo alfajiri. Tofauti ni saa mbili na dakika 45, na hizo dakika 45 si kosa la uchapaji: saa ya Nepal imepimwa kwa mstari unaopita mlima Gaurishankar, mashariki ya Kathmandu. Nchi nzima inaangalia saa kwa mlima. Wa Rombo anasema hapo ndipo alipochanganyikiwa. Si kweli, lakini tumemwachia.

14 Desemba

Kibubu: Sh 8,900,000. Amana imetumwa Nepal.

Saa nne usiku simu kutoka Machame: "Kaka, tumeibiwa. Wametuma risiti ya mwaka 2082."

Hatujaibiwa. Kalenda yao, Bikram Sambat, iko zaidi ya miaka 56 mbele ya hii yetu, na mwaka wao mpya huangukia katikati ya Aprili. Kwa ratiba tuliyonayo utatukuta kati ya Namche na Tengboche. Mke wangu kasikia haya yote kutoka kitandani akauliza kama huko mbele mkopo wa pikipiki utakuwa umekwisha.

27 Desemba

Krismasi, Wachaga wote wamerudi nyumbani, uwanja umejaa magari ya Dar na mbege haitoshi. Nikaona ndiyo siku ya jaribio.

Wapagazi wa Nepal hawabebi kichwani kama wagumu wetu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro. Mzigo unakaa mgongoni ndani ya kikapu kinachoitwa doko, na kikapu kimeshikwa na mkanda, namlo, unaopita kwenye paji la uso. Shingo ndiyo inayobeba. Mkononi wana fimbo fupi yenye kichwa kama cha herufi T; wakichoka hawatui, wanaisimamisha chini ya kikapu na kupumzika wima.

Nikachukua gunia la mahindi, kilo 20, uzito uleule ambao ni mwisho kwa mgumu mmoja huku kwetu. Nikakunja kanga ya mke wangu mara nne, nikafunga, nikapitisha kwenye paji. Wa Rombo akaninyanyulia. Hatua kumi za kwanza nilijiona shujaa. Kwenye mteremko wa kuelekea mgombani kanga ikateleza mpaka kwenye nyusi, nikainua kidevu ili isinizibe macho, na hapo hapo gunia likanivuta nyuma nikakaa chini mbele ya ukoo mzima. Siri, kumbe, ni kuinamisha kichwa na kutazama miguu. Ukitaka kuona mandhari umeanguka. Bibi yangu, ambaye sikujua anafuatilia, akasema wanawake wa Kikuyu aliowaona Kenya akiwa msichana walibeba kuni hivyo hivyo, tena mtoto akiwa kifuani, na hawakukaa chini.

Shingo imeuma siku tatu. Kiwango kinachopendekezwa kule ni kilo 30 kwa mpagazi mmoja. Tumekubaliana: wapagazi wawili kwa watatu wetu, na kila mmoja asizidi 20 kama nyumbani. Kiongozi wetu ameandika, "Watafurahi sana."

18 Januari

Kibubu: Sh 13,200,000. Tiketi zimelipwa, kupitia Doha.

Leo tumekwenda kwa daktari, na sikutegemea tungekaa saa mbili.

Kwanza Diamox, dawa ya kimo. Kabla ya kuandika akauliza kama kuna aliyewahi kudhurika na Septrini au SP. Wa Rombo akainua mkono kama mwanafunzi: utotoni alipewa SP ya malaria akavimba midomo. Basi yeye asiiguse Diamox mpaka wamchunguze kwanza, kwa sababu ni dawa za ukoo mmoja. Mtu huyu amepanda mlima miaka 14 na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mimi mwenyewe nimeuliza wageni wangu kuhusu moyo, pumu, sukari. Salfa, kamwe. Kuanzia msimu ujao ipo kwenye fomu yangu.

La pili ni malaria. Tunaondoka Moshi wakati wa mvua. Mtu anaweza kuondoka nayo damuni na homa ikamkuta Namche wiki ya pili. Pale, kwenye baridi na theluji, hakuna atakayewaza mbu. Kwa hiyo kila mmoja abebe vipimo vya haraka viwili na dozi ya mseto, na akipata homa amwambie mganga wa kule bila kuulizwa: mimi natoka nchi ya malaria. Hili sijawahi kuliona kwenye orodha yoyote ya vifaa, maana orodha zote huandikwa na watu wa nchi za baridi.

Kadi ya njano: tunazo. Kipima oksijeni cha kidoleni: ninacho, betri mpya.

8 Februari

Makaratasi. Pasi ya mdogo wetu imechelewa kwa sababu ya herufi moja: cheti cha kuzaliwa kina "Y", kitambulisho kina "I". Kiapo kwa wakili, kurudi, kusubiri. Sh 150,000 ya pasi ilishalipwa.

Viza kwa Watanzania ni ya kuchukua pale pale uwanjani Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Siku 15 hazitutoshi. Dola taslimu, noti safi, zisizokunjwa.

Bima imetusumbua zaidi. Wakala wa kwanza alituuzia maneno mazuri, tulipomwomba atuonyeshe ukurasa wa milima tukakuta inaishia mita 4,000. Yaani ikifika Dingboche bima inageuka, sisi tunaendelea. Tumepata nyingine inayofika mita 6,000 pamoja na helikopta. Hapo pia kiongozi wetu ametuonya: kuna watu Nepal wamekula fedha za bima kwa kumshushia mtalii helikopta kwa kichwa kinachouma kidogo, hata magazeti yaliandika sana mwaka 2018. Asiyeweza kutembea ndiye anayepanda. Nilitamani kumwambia huku kwetu hakuna mambo hayo.

1 Machi

Kibubu: Sh 19,450,000.

Lukla. Mke wangu ameona video ya uwanja ule na sasa tuna mjadala. Njia ya kurukia ina mita 527, imelala mlimani kama kigae cha paa: ndege ikitua inapanda mwinuko ili isimame, ikiruka inateremka mpaka ardhi iishe. Mwisho wa juu ni ukuta, mwisho wa chini ni bonde. Nikamwambia marubani wamezoea. Akaniuliza madereva wa Noah za Rombo nao si wamezoea?

Msimu ukipamba moto, ndege nyingi za Lukla haziruki kutoka Kathmandu bali kutoka Ramechhap, saa nne au tano kwa gari, kwa hiyo tunaamshwa usiku wa manane. Sawa na usiku wa kileleni, ila umekaa. Wingu likishuka hakuna ndege siku hiyo, pengine na kesho yake. Zile siku mbili za akiba nilizopigania Novemba, sasa kila mtu anadai lilikuwa wazo lake.

15 Machi

Chakula. Kiongozi anashauri tusile nyama juu ya Namche. Khumbu ni nchi ya Wabuddha, hawachinji, kwa hiyo nyama hubebwa kutoka chini kwa siku kadhaa, kwa miguu, juani. Wiki moja na nusu ya wali na dengu, dal bhat, asubuhi na jioni, unaongezwa bure mpaka useme basi. Wa Machame ameuliza kama anaruhusiwa kujitoa kwenye mradi.

Mengine kwa haraka. Ukikutana na yaki, ng'ombe wa kule mwenye manyoya marefu, kwenye njia nyembamba simama upande wa mlima, usisimame upande wa bonde, maana mnyama hajui una watoto. Mawe yaliyochongwa sala na minara yao unapita ukiyaacha kulia kwako. "Polepole" kwao ni "bistarai, bistarai". Neno hilo limenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Nimelisema miaka yote bila kuambiwa, na sasa nitalipa mtu aniambie.

22 Machi

Kibubu: milioni 21, kasoro Sh 380,000. Mke wangu ameziba pengo bila kusema neno. Najua zitadaiwa.

Mabegi ya kulalia tumenunua Soko la Memorial, mawili yameachwa na wageni na moja ni la mtumba kabisa. Nililolipata linasomeka nyuzi 15 chini ya sifuri lakini limebonyea manyoya upande wa miguu. Nimelifua kwa sabuni ya maji, nikalianika, na watoto wamelipiga kwa mikono jioni nzima kuvunja madonge kama wanaopura maharage. Limevimba. Mpaka leo linanuka mgeni wa mtu fulani.

5 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Ndege ya Lukla inaruhusu kilo 15 kwa mtu, mkoba wa mgongoni ukiwemo ndani yake. Nimebeba begi kichwani hadi dukani kwa mangi, ambaye aliondoa gunia la sukari kwenye mizani akaniuliza kama nauza au nanunua.

Kilo 17 na robo.

Tukalifungua pale pale juu ya kaunta. Suruali ya jinzi, nje. Sabuni ya mche, nusu yake. Viatu vya tatu, nje. Mangi akasema hata bwana harusi hana viatu jozi tatu. Kilo 15 na gramu 600. Ikabaki betri ya akiba na kilo moja ya kahawa ya Marangu, iliyokaangwa nyumbani, ya kumpelekea kiongozi wetu.

Mangi akaishika betri mkononi, akaishika kahawa, akanitazama.

Betri nimeiacha kwake mpaka nirudi, na tochi ya pili. Kilo 14 na gramu 900.